Karatasi Kubwa Inataka Watu Wawili

Saa tatu kasorobo asubuhi, siku ya Jumamosi, mwanamke mmoja anavuta kipande cha gazeti juu ya maji. Anakishika kwa ncha za vidole, anakiburuza polepole kutoka ukingo mmoja wa beseni hadi mwingine, kisha anakiinua na kukikagua upande wa chini. Kimebeba vumbi, unywele mmoja, na utando wa mafuta usioonekana mpaka ukikinge kwenye mwanga wa dirisha. Anakitupa, anachukua kingine, anarudia.

"Maji haya ukiyanywa hayakudhuru," anasema bila kuinua kichwa. "Lakini kazi yangu mimi iko usoni, haiko tumboni. Uso wa maji ukiwa mchafu, wino unagoma."

Mabeseni madogo sita yamepangwa juu ya meza ndefu, kila moja lina maji ya kina cha vidole viwili. Muda si mrefu familia zitaanza kuingia, wazazi na watoto waliolipia asubuhi moja ya kujifunza suminagashi, sanaa ya Kijapani ya kupamba karatasi kwa wino unaoelea.

Wateja wanamwita Mama Wino kwa sababu ya kucha zake, ambazo hazijawahi kutakata tangu aolewe. Karakana yake ni vyumba viwili nyuma ya duka la vioo. Cha mbele ni cha kujalidi vitabu, kina mashine ya kubana, gundi na harufu ya ngozi. Cha nyuma ni cha maji. Mlango uliokuwa kati ya vyumba hivyo uling'olewa zamani ili karatasi kubwa zipite bila kukunjwa.

Nyuma ya mgongo wake, ukutani, limeegemezwa beseni la saba. Ni la bati, lina fremu ya mbao, na ukubwa wake ni kama wa mlango huo ulioondolewa. Limegeuziwa uso ukutani, na tangu mwaka jana halijatoa karatasi hata moja ya kazi. Leo mchana kuna mtu anakuja kulichukua.

"Mume wangu kaliuza," anasema Mama Wino. "Kwa mfuga samaki. Anataka kulelea vifaranga."

Anapangusa mikono kwenye aproni.

"Sikumkatalia. Ukimkatalia Fundi jambo, ndiyo umeligongea misumari. Nilimwambia hivi: nikilaza karatasi kubwa moja nzima, isiyo na doa, kabla mtu wako hajalipakia kwenye gari, beseni linabaki. Akasema sawa. Alisema sawa kwa sababu haamini."

Asiyeijua kazi hii atauliza: si amwagie maji, adondoshe wino, alaze karatasi? Jibu liko kwenye namna kazi yenyewe inavyofanyika.

Mtengenezaji hushika brashi mbili. Moja ina wino mweusi. Ya pili ina maji yaliyotiwa tone dogo la sabuni. Ncha ya brashi ya wino huguswa kwenye uso wa maji, na wino husambaa ukawa duara. Katikati ya duara hilo huguswa brashi ya pili, na wino husukumwa nje ukabaki pete. Kisha wino tena, kisha sabuni tena, mpaka pete zijae beseni kama zile za mti uliokatwa. Halafu mtu hupuliza kidogo, au hupepea kwa kipande cha boksi, na pete hujikunja zenyewe.

Karatasi hulazwa juu yake mara moja tu, na picha hushika papo hapo. Hakuna kufuta wala kurudia. Kila karatasi huwa ya kwanza na ya mwisho ya aina yake.

Karatasi ndogo hulazwa na mtu mmoja. Kubwa haiwezekani. Watu wawili husimama kila mmoja upande wake, wakaishika kwa pembe, tumbo la karatasi likining'inia. Tumbo ndilo linaloanza kugusa maji, katikati kabisa, kisha kila mmoja hushusha upande wake kwa mwendo mmoja na mwenzake, hewa ikitoka pembeni.

Makosa yake yana majina humu ndani. Karatasi ikivutwa ikafika maji ikiwa imenyooka, hewa hunaswa chini yake na kuacha sehemu nyeupe. Hicho ni kipara. Mmoja akisita, hata kwa kufumba na kufumbua, karatasi huchora mstari pale ilipositia. Hicho ni kigugumizi. Mmoja akimtangulia mwenzake, pete zote husukumwa upande mmoja, na hilo nalo huitwa talaka.

"Talaka tulipata nyingi mwaka wa kwanza wa ndoa," anasema Mama Wino. "Za karatasi."

Mumewe, ambaye kila mtu anamwita Fundi, alijifunza suminagashi akiwa kijana. Mwalimu wa Kijapani alikuwa amepanga chumba cha juu cha jengo hili. Vitabu vyake viliharibiwa na mvua, Fundi akavijalidi upya, na mwalimu akaona malipo ya haki ni kumfundisha jambo ambalo mjini hapa hakuna aliyelijua. Alipoondoka alimwachia brashi na vijiti vya wino wa kusaga.

Mama Wino alikuja baadaye, akiwa karani wa duka la kunakili hati, ameshika kamusi ya baba yake iliyofumuka. Kamusi ilirudi kwake na karatasi ya pete za wino ndani ya jalada. Aliuliza mashine ya kuchapa ile karatasi iko wapi. Fundi akamwonyesha beseni.

"Nilidhani ananitania," anakumbuka. "Nikamwambia, kama ni kweli, fanya nione. Akasema, hiyo kubwa siwezi peke yangu, shika huku. Basi ndiyo nimeshika mpaka leo."

Kwa zaidi ya miaka ishirini walilaza karatasi kubwa pamoja. Maktaba, makanisa, misikiti, wanasheria wanaopenda kabati zao zipendeze, wote waliagiza. Hawakuhesabu wala kuambizana "sasa". Mmoja alipotoa pumzi, mwingine alikuwa ameshaanza kushusha.

Mwaka jana, asubuhi moja, Fundi akiwa anashona kurasa, sindano ilimtoka mkononi. Aliinama kuiokota na hakuweza kuinuka. Kiharusi kilichukua maneno yake kwa wiki kadhaa, kikayarudisha. Mkono wa kulia hakikuurudisha wote. Unabeba kikombe kitupu. Ukibeba kilichojaa, unatetemeka.

Siku hizi yuko chumba cha mbele, anapaka gundi kwa mkono wa kushoto. Kazi za kujalidi zimepungua kwa nusu, na mafunzo ya Jumamosi ndiyo yanayolipa pango la vyumba hivi viwili. Ni mtu mrefu, mchache wa maneno, na utani wake ni mkavu.

Anaulizwa kwa nini ameuza beseni.

"Sitaki linitazame kila asubuhi kama mwenye nyumba anayedai," anajibu. "Kitu kisicho na kazi kikae na mwenye kazi nacho. Samaki wana kazi nalo."

Mkewe, kutoka chumba cha pili, anamjibu kwa sauti: "Samaki hawajaagiza karatasi! Maktaba imeagiza!"

Hilo ni kweli. Maktaba ya mji inataka kujalidi upya mkusanyo wa ramani za zamani, vitabu vinne vipana mno, na inahitaji karatasi nne kubwa za ndani ya majalada, zisizo na kiungo. Mkutubi mkuu, mteja wao wa siku nyingi, amesubiri miezi. Mwisho wa mwezi huu, ameeleza kwa upole, atanunua karatasi iliyochapwa kiwandani.

Kwa hiyo Mama Wino alihitaji mtu wa pili. Binti yao anasoma mji mwingine. Jirani wa vioo alijaribu mara moja, akapiga chafya juu ya wino. Akabaki mtu mmoja tu aliyekuwa tayari, mwenye mikono iliyotulia, tena anayekaa humo humo nyumbani.

Mama mkwe.

Mama yake Fundi anaitwa Bi Pindo. Alikuwa mshonaji wa nguo za kike maisha yake yote, na jina alipewa na wateja kwa sababu hakuna pindo alilolishona likafumuka. Ana miaka sabini na kitu. Anavaa miwani iliyofungwa uzi mweusi upande mmoja, na mikono yake haitetemeki hata kidogo.

Uhusiano wake na Mama Wino una historia. Mwaka ule mkwe alipohamia, Bi Pindo aliamua kumsaidia kwa kuosha mabeseni yote kwa sabuni ya unga mpaka yakang'aa. Siku ya pili kila tone la wino lililoguswa majini lilikufa pale pale, halikusambaa hata upana wa kucha. Wanandoa hao walibadilisha maji mara tatu kabla ya kugundua. Tone moja la sabuni kwenye brashi ndilo linalosukuma wino, lakini sabuni iliyobaki kwenye beseni humaliza nguvu yote ya uso wa maji.

Tangu hapo Bi Pindo alipigwa marufuku kuingia chumba cha maji. Amri hiyo ilidumu zaidi ya miaka ishirini.

"Nilifukuzwa kwa kosa la usafi," Bi Pindo anamwambia mwandishi, akikunja taulo za wageni. "Andika hivyo hivyo. Usafi."

"Hukufukuzwa, Mama. Uliombwa upumzike."

"Niliombwa huku mlango ukifungwa!"

Majuma matatu yaliyopita marufuku iliondolewa. Kila jioni, baada ya kazi, wanawake hao wawili walijaza beseni kubwa maji matupu na kulaza magazeti ya zamani yaliyobandikwa pamoja, kwa mazoezi. Fundi alikaa chumba cha mbele, mgongo akiwa amewapa. Hakuingia hata mara moja.

Lakini alikuwa anasikiliza. Karatasi inayotangulia kwa tumbo hailii, na iliyovutwa hupiga maji kama kofi. Kila kofi liliposikika, sauti ilitoka chumba cha mbele bila kugeuka: "Kipara."

Na karibu kila mara ilikuwa kofi. Mikono ya Bi Pindo ilikuwa na tatizo moja, nalo ni utaalamu. Kwa zaidi ya nusu karne imevuta kitambaa kinyooke mezani kabla ya mkasi kupita. Ukimpa kitu chepesi, kipana, chenye pembe mbili, vidole vyake vinakikaza kabla hajafikiri.

"Mama, legeza," mkwe alikuwa akimwambia.

"Nimelegeza."

"Mama, hiyo ni ngoma. Hiyo si karatasi."

"Basi ipige, kwani unasubiri nini?"

Mpaka jana jioni hawakuwa wamepata hata moja iliyofaa.

Familia zinaanza kuingia. Wanakuja mama na mabinti wake wawili, babu na mjukuu, vijana waliooana juzi. Anakuja pia baba mmoja, mhandisi wa barabara, na bintiye wa miaka tisa mwenye mwanya. Bi Pindo anawafunga aproni kwa nyuma, mafundo yanayofunguka kwa kuvutwa mara moja, huku akiwaambia watoto wasimame wima kama wanapimwa sare.

Kanuni ya Mama Wino kwenye mafunzo haya ni moja. Mtoto anadondosha wino, mzazi analaza karatasi. Karatasi inayofuata, wanabadilishana.

"Asifundishwe mtu na mwenzake," anawaambia. "Mwalimu nipo. Ninyi kazi yenu ni kushika brashi na kufunga midomo. Hasa kufunga midomo, maana pumzi inatosha kuharibu kila kitu."

Mhandisi anashindwa sharti hilo mapema. Anamwelekeza binti yake aguse katikati, si pale, hapo, hapo, mpaka binti anaweka brashi chini na kumwambia, "Basi fanya wewe." Watu wanacheka. Baba anaomba radhi. Binti anarudia, anazungusha pete kumi na kitu, zimejipinda upande mmoja, na baba analaza karatasi akiwa amezuia pumzi kiasi cha kubadilika rangi ya uso.

Karatasi inatoka imejaa mistari myembamba kama alama ya kidole gumba.

"Nataka nyingine kama hii hii," anasema mhandisi.

"Hata mimi ningetaka," anajibu Mama Wino. "Nimeitaka tangu nilipoolewa. Bado sijapata mbili zinazofanana."

Anapita kati ya mabeseni, anasogeza kiwiko cha mmoja, anapunguza wino kwenye brashi ya mwingine. Hapandishi sauti. Mtoto anapolia kwa sababu karatasi yake imepata kipara, anamwonyesha namna ya kukiandikia jina lake pale penye weupe, na mtoto anaacha kulia. Yuko kazini tangu saa kumi na mbili alfajiri, hajakaa kitako, na ukimwangalia hutajua kuna jambo linamsubiri.

Ni macho tu yanayomponyoka mara kwa mara kuelekea dirishani, barabarani.

Pikapu inafika kabla ya wakati. Mfuga samaki ni bwana mnene, mchangamfu, mwenye kamba mabegani. Anaingia akiwa amesimamisha mkono wa salamu kwa kila mtu. Wageni ndiyo kwanza wanaanika karatasi zao kwenye kamba.

"Haya, Fundi, nimewahi," anasema. "Vifaranga hawana subira."

Fundi anainuka, anakuja mpaka pale mlango ulipong'olewa, anaegemea ukuta. Anamtazama mkewe.

"Amewahi," anamwambia.

"Nimemwona. Tulikubaliana mpaka alipakie. Bado hajalipakia."

Kisha Mama Wino anafanya jambo ambalo hakulipanga. Badala ya kuwaaga wageni kwanza, anawageukia. "Jamani, kuna anayetaka kuona beseni kubwa likijazwa?"

Hakuna anayeondoka. Mhandisi na mfuga samaki ndio wanaolibeba kutoka ukutani. Mfuga samaki anateka maji kwa ndoo pamoja na wengine, akilalamika kwa kicheko kwamba leo amegeuzwa kibarua wa kujinyang'anya mali yake mwenyewe.

Mama Wino anapitisha vipande vya gazeti juu ya uso wa maji. Anashika brashi zake mbili na kuanza. Pete zinakua kutoka katikati, nyeusi, wazi, nyeusi, wazi, mpaka zinakaribia kingo. Anapepea mara moja kwa kipande cha boksi. Bi Pindo amekunja mikono ya gauni lake, anasubiri upande wa pili.

Wananyanyua karatasi ya kwanza, ya nyuzi za mti wa mforsadi, nyepesi kuliko inavyoonekana. Wanaishusha.

Kofi.

"Kipara," anasema Fundi.

Hakuna haja ya kuambiwa. Katikati ya karatasi kuna weupe mkubwa kuliko sahani. Mfuga samaki anashusha kamba begani, kisha anaona nyuso za watu na kuirudisha.

"Nililegeza," anasema Bi Pindo.

"Ulilegeza mabega, Mama. Vidole vikavuta."

"Wewe nawe kila siku legeza, legeza! Unanifundisha kulegeza kama nimebana nini? Niambie kitu kinachoeleweka!"

"Nikuambieje tena zaidi ya hapo?"

Mtoto mwenye mwanya anamwangalia baba yake. Baba anaangalia dari.

Kwenye rafu zimebaki karatasi mbili tu zilizokwisha kukatwa kwa ukubwa huo. Mama Wino anasafisha uso wa maji upya, mkono wake sasa una haraka ambayo haukuwa nayo asubuhi. Fundi anaiona haraka hiyo. Anaondoka ukutani. Kwa mara ya kwanza tangu augue anavuka na kuingia chumba cha maji, anasimama kando ya beseni, kwenye upande mrefu, kati ya mama yake na mke wake.

"Mama," anasema. "Acha habari ya kulegeza. Tatizo ni mikono yenu ilipokuwa. Mlishika mbalimbali, sawasawa na urefu wa karatasi. Sogeeni. Nafasi kati ya mikono yenu iwe fupi, karatasi izidi."

Bi Pindo anamtazama mwanawe juu ya miwani.

"Izidi nafasi yake?"

"Izidi."

"Yaani kama mkono wa gauni?"

Fundi haelewi. Mama Wino naye haelewi. Bi Pindo anajishika bega, anawaeleza kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na wanafunzi wake.

"Mkono wa gauni unakatwa mkubwa kuliko tundu lake. Ukikata sawasawa, mtu hainui hata kikombe, bega linachanika. Kwa hiyo unakata uzidi, halafu unapoushona huuvuti. Unaulisha. Unauachia uingie wenyewe, kidogo kidogo, ule uliozidi unamezwa. Mishono yote navuta. Huo tu ndio sivuti." Anatazama mmoja, anatazama mwingine. "Majuma matatu mnaniambia legeza. Mbona hakuna aliyesema nishone mkono?"

"Mama, mimi ningejuaje?" anasema Mama Wino.

"Ungeuliza."

Sasa wanasogea. Mama Wino anazungusha pete kwa mara ya pili. Zinatoka zimeegemea kushoto kidogo, na hazirekebishi. Wanashika karatasi. Safari hii vidole vya Bi Pindo vimeshika tofauti, gumba likiwa juu kama mtu anayesukuma kitambaa chini ya sindano. Karatasi inaning'inia, tumbo limejaa.

Fundi anatazama tumbo la karatasi. Anavuta pumzi, anaishikilia. Anapoitoa, pande zote mbili zinashuka.

Hakuna sauti.

Karatasi inalala. Weusi unapenya kutoka chini, pete kwa pete, kuanzia katikati kwenda kingoni, mpaka pembe ya mwisho inaachiwa. Wanawake hao wawili wanasimama wima bila kutazamana. Wanainyanyua, maji yakitiririka, na kuigeuza.

Ni nzima. Pete zake zimeegemea upande kama kitu kilichopepewa na mlango ukifunguliwa. Fundi anaikagua kutoka karibu, kwanza upande wa mkewe, kisha wa mama yake. Karibu na pembe moja anakuta mstari mwembamba, urefu wa kidole.

"Kigugumizi," anasema.

Mama Wino anafumba macho. Masharti aliyoyaweka mwenyewe yalikuwa isiwe na doa.

"Kiko wapi?" anauliza Bi Pindo.

"Hapa. Kwako."

"Hapo si ndipo mnapokunja mkibandika kwenye jalada? Mimi sijui vitabu, lakini pindo nalijua. Hapo pataingia ndani."

Fundi anapima kwa kiganja cha kushoto kutoka ukingoni hadi kwenye mstari. Anapima tena. Anamgeukia mfuga samaki, ambaye amelowa mpaka magotini na ameshasahau alichojia.

"Ndugu yangu, vifaranga wako ni wadogo?"

"Wadogo sana."

"Watafutie la plastiki. Fedha yako iko kwenye droo, nitakupa sasa hivi."

"Sasa Fundi, maji yote yale nimeteka mimi!"

"Na nakushukuru. Maji yako yamefanya kazi nzuri."

Mfuga samaki anacheka kuliko wote. Anaondoka na fedha yake na karatasi moja ndogo aliyotengenezewa na binti mwenye mwanya, ameishika kwa ncha za vidole mbali na shati.

Juma moja baadaye karatasi tatu kubwa zimelazwa chini ya ubao mzito chumba cha mbele, zikinyooka. Hazifanani. Mkutubi alikuja kuziona na akasema hilo halimsumbui, kwa kuwa ramani zenyewe nazo hazifanani. Ya nne inatarajiwa wiki hii. Zilizoharibika njiani zimekatwa vipande na kuwa majalada ya daftari, na Bi Pindo anayauza mlangoni kwa bei anayoipanga kwa kumwangalia mteja viatu.

Utaratibu wa kazi umebadilika. Mama Wino anadondosha wino, kisha yeye na mama mkwe wanashika karatasi. Fundi anasimama upande mrefu wa beseni. Hashiki kitu. Kazi yake ni kuvuta pumzi na kuitoa, nao wanamfuata. Walijaribu mara moja bila yeye, wakapata talaka.

Mkono wake wa kulia haujabadilika, na daktari amewaambia wasitegemee mengi. Mama Wino analitaja hilo kama anavyotaja unene wa karatasi. Anachopanga ni kingine. Maktaba ikishachukua zake nne, anataka Jumamosi moja kwa mwezi iwe ya beseni kubwa peke yake, kwa watu wanaokuja wawili wawili. Ameshaandika tangazo la kubandika kwenye mlango wa karakana, na analisoma kwa sauti huku akitafuta gundi.

"Wanaopatana, bei kamili," anasema. "Waliogombana, nusu bei."

Kutoka chumba cha maji Bi Pindo anapaza sauti kwamba aproni haziko mahali pake, na kwamba nyumba hii ingekuwa na mtu anayejua kukunja vitu dunia isingeisha.

Mama Wino anachovya brashi kwenye gundi, anasita, kisha anachukua kalamu na kuongeza mstari wa tatu chini ya tangazo.

"Mkwe na mama mkwe," anasoma, "bure."